Mrija Uliotolewa na Salamu

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Kasulu nikichagua maharage. Yule mchukuzi wa ndizi kutoka Muyama, aliyekuwa akishuka na baiskeli imejaa mikungu mpaka humwoni mwenyewe, unaona ndizi tu zinakuja, ametutoka. Uzee umemchukua usingizini. Nilirudisha maharage ya watu, nikakaa juu ya gunia. Lakini mimi nikimkumbuka, simkumbuki kwenye baiskeli. Namkumbuka kitandani kule Kibondo, mwaka ule kambi zilipojaa wakimbizi, usaha umemwingia kwenye mfupa wa mguu baada ya kuanguka mteremkoni.

Dawa ilitakiwa ipite kwenye mshipa wiki nyingi, la sivyo mguu ukatwe. Sasa hiyo mishipa! Yangu mimi imevimba kama mizizi, hata gizani unaichoma. Yake ilijificha. "Mzee, mishipa yako iko wapi?" muuguzi akamuuliza, jasho linamtoka. "Asubuhi ilikuwepo, mwanangu. Imekuona." Mikono ilipokwisha kujaa madoa meusi, daktari mgeni aliyekuwa akitibu kambini akaleta habari ya mrija mrefu unaoachwa humo humo mpaka dawa iishe. Akamwambia achague: uingilie kwenye kikunjo cha kiwiko, au kifuani, chini ya mtulinga. Wa kifuani, akasema wazi, una hatari zaidi wakati wa kuuweka, sindano inaweza kugusa pafu. Bwana wetu akachagua mkono. "Kifuani kuna moyo," akasema. "Sitaki ushtuke ukute mgeni mlangoni."

Uamuzi mzuri, kwa mtu asiye na ndugu. Lakini sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana. Tunashikana mikono yote miwili, kuanzia huku karibu na bega, tunateremka taratibu mpaka viganjani, huku tunaulizana habari za watoto na za ng'ombe. Siku ya pili akaingia shemeji yake kutoka Makere, mpasua mbao, mikono kama makasia. "Mwakeye, shemeji!" Muuguzi alipiga kelele, akachelewa. Salamu ilipita kiwikoni, ikaondoka na mrija, damu shukani. "Hiyo ni salamu au mieleka?" muuguzi akafoka. Shemeji naye akakasirika: "Ulitaka nimsalimie kwa macho, kama adui?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka, maana mguu ulikuwa unangoja. Kumbe kwao watu wakipendana hubanana vifua, ndiyo maana mkono aliuona ni mahali pa amani. Akauliza: mkono wa pili, au kifua? "Kifua," mgonjwa akajibu. "Huko wageni wangu hawafiki. Na kesho anakuja kaka yake huyu." Akawekewa, pafu likasalimika, dawa ikaisha, na ndizi zikarudi sokoni na miguu miwili.

Vijana wa mjini siku hizi wanakuinulia kidole gumba wakipita. Hao mrija ungekaa popote. Lakini wewe mwenye watu, ukiulizwa uwekwe wapi, usifikirie sindano peke yake. Fikiria na watakaokuja kukuona, umwambie daktari mnavyoshikana. Tulipomaliza kumzika, shemeji yule alinijia. Nikajikaza. Akanishika mabegani taratibu, kama mtu aliyebeba mayai, akateremka mpaka karibu na kiwiko, akakiruka, akaendelea mpaka viganjani.