Kisu cha Kubebeshea cha Mjomba Yohana

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaribia kukiharibu kisu cha mjomba kabla sijabebesha hata mche mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiachia darasa la nne, na kitalu chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa, njia ya kwenda Rudewa, pale palipokuwa na mkonge zamani. Kisu cha kukunja alinipa Mjomba Yohana, kaka yake mama, aliyebebesha michungwa na miembe kule Berega mpaka macho yakamgomea. Nilipokifungua nikaona upande mmoja wa makali umenolewa, wa pili umelala bapa kabisa. Nikajua mzee alichoka akaacha kazi nusu. Nikaazima tupa, nikaanza kuunoa ule wa pili.

"We! Unafanya nini hapo?" Alikuwa Bwana Shamba, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kitalu.

"Nanoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hunoi, unachinja. Lete hapa."

Akakigeuza juani, akashukuru nilikuwa nimepiga tupa mara tatu tu. Akanieleza kitu ambacho nyinyi vijana mnaobebesha kwa wembe hamjaambiwa. Kisu cha kazi hii hunolewa upande mmoja, ule wa pili ubaki bapa, ili mkato utoke umenyooka kama kioo. Unakata kikonyo, yaani kitawi cha mti unaozaa vizuri, unakilaza juu ya shina la mche wa kienyeji, nalo linakibeba. Ndiyo maana tunasema kubebesha. Pakibaki mwanya hata wa unywele, hewa inaingia na kikonyo kinakauka. Kisha akavuta kidude cha mfupa kilichojikunja nyuma ya mpini.

"Na hiki unakijua?"

"Cha kutolea nyama kwenye meno, mzee."

Wafanyakazi walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ni ulimi wa kufunulia gome la mche, ili jicho, yaani chipukizi la mchungwa, liingie bila kuchubuka. Bwana Shamba hakucheka. Alikuwa bado anayatazama makali.

"Aliyekupa anatumia mkono gani?"

"Kushoto. Kama mimi."

"Basi hiki kimenolewa kwa mtu wa kushoto. Usimwazime mtu. Atakiharibu, na chenyewe kitamwaibisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba aliwaruka wanawe wanne akanipa mimi. Mkono huu ndio ulionitoa shule. Mwalimu Festo alinichapa vidole kwa rula kila nilipoandikia kushoto, mpaka siku moja nikaenda machungani badala ya darasani na sikurudi. Namtaja kwa jina. Wengi wakiandika habari za maisha yao wanasema "mwalimu mmoja". Mimi vidole vilivyovimba vilikuwa vyangu, na yeye alikuwa Festo.

Kwa Bwana Shamba nilikaa miaka saba. Alinifundisha kukitunza kisu kuliko alivyonifundisha kubebesha, maana alisema mkono unajifunza wenyewe. Utomvu wa mwembe unakula chuma, kwa hiyo kila baada ya miche kumi nilifuta bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Sikukikunja kikiwa na maji. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kila Jumamosi. Ala ya ngozi nilikatazwa, kwa sababu ngozi inashika unyevu na kisu kinapata kutu kikiwa kimevaa vizuri. Nilikizungushia kipande cha kanga ya mama. Na kamba sikukata nacho, wala muwa, wala embe. Mpaka leo mke wangu akiniomba nimkatie kitunguu nainuka kwenda jikoni kuchukua kisu kingine.

Kisha mwenye kitalu akafungua kingine Mikumi, nikahamishiwa huko chini ya mama mmoja mkali na wa haki tuliyemwita Mama Meneja. Huko nilimkuta Matei. Tulikaa benchi moja. Katika miche mia yangu ilikauka michache, yake ilishika michache. Badala ya kunyoosha mkato wake, akaanza kuwaambia watu kisu changu kina dawa kutoka Berega.

"Mashoto, mjomba wako alikizindika wapi?" alikuwa ananiuliza.

"Kwenye jiwe la kunolea. Na wewe kazindike."

Kisha ikaja ajali. Tulikuwa tunaleta miche Mikumi kutoka Kilosa. Dereva alikuwa Dula. Simu sikioni, mkono mmoja kwenye usukani, sisi tuliopanda nyuma tukamgongea paa la gari mara mbili na hakusikia. Kona ikamshinda. Gari lilipinduka na miche yake, viriba vya udongo vikatupigapiga kama mawe, na mguu wangu wa kulia ukabaki chini ya bodi. Matei, aliyekaa mbele, alitoka bila mkwaruzo. Ni yeye aliyenivuta kutoka pale, hilo sitamnyima. Na mkono uleule ulionivuta uliingia mfukoni mwangu.

Niliporudi kazini na magongo, miezi imepita, Mama Meneja alinipokea vizuri lakini aliniambia ukweli. "Maji huwezi kubeba tena, udongo huwezi. Kazi ya kukaa ni kubebesha tu. Ukiiweza, upo. Ukishindwa, sina pa kukuweka." Na visu vyote vya stoo vilikuwa vya watu wa kulia. Nikageuka, namwona Matei amekaa kwenye benchi letu, kisu cha mjomba mkononi, kanga ya mama haipo.

"Matei, hicho ni changu."

"Changu, nilipewa na babu. Pole na mguu, ndugu yangu, naona na kichwa kiligonga."

Mama Meneja alituita wote. Akatuuliza alama. Nikataja mpini una ufa karibu na msumari wa kwanza. Matei akautaja. Nikataja zile alama tatu za tupa. Matei akazitaja, tena akataja na doa la mfupa, maana alikaa ubavuni kwangu miaka akikitamani. Mtu aliyekizoea kitu changu kwa macho alikuwa anakijua kunishinda mimi.

"Mama," nikasema, "mpe mche abebeshe. Kisha nipe mimi."

Matei akacheka, akashika kikonyo cha embe. Akakata kwa mkono wa kulia. Makali yakazama ndani ya mti, mkato ukatoka umebonyea kama kijiko. Akakata kingine. Kijiko. Cha tatu kilikatika kabisa.

"Ndiyo maana miche yako ya miezi hii yote imekauka," Mama Meneja alisema polepole. "Jaribu kwa kushoto."

Akajaribu, akajikata kidole gumba.

Nikakaa, nikaegemeza magongo. Niliogopa, kwa sababu mkono ulikuwa umelala hospitalini muda mrefu. Nikashika kikonyo, nikavuta kisu mara moja tu. Mama Meneja akachukua kikonyo changu, akaulaza mkato wake juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaviinua vyote kwenye mwanga. Hapakuwa na mwanya.

"Kisu ni chake," alimwambia Matei, "na ufunge hicho kidole."

Nilibebesha nikiwa nimekaa kwa miaka kumi na minne zaidi, mpaka mguu ukakataa hata benchi, nikapumzika mapema. Sina cha kulalamika sana. Nina nyumba Mikumi, nina miembe yangu uani, kisu kina mafuta yake kila Jumamosi. Mwalimu Festo na Dula hawajawahi kuja kwangu. Matei alikuja masika haya, mvi kichwani, na miche kumi na miwili kwenye baiskeli. Yote ya kienyeji, anataka nimbebeshee.

Alisimama akinitazama nikifungua kisu.

"Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo," nikamjibu. "Shika shina hapo chini, lisitikisike."

Akapiga magoti kwenye tope, akashika.