Kitabu kipya kiliniozesha kwa Koko wangu, na misheni ikakiamini

Wakuu, salamu zenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Naona humu kila wiki mnachambua vitabu vipya. Hiki kinapewa nyota tano, kile kinatukanwa hadi kwenye jalada. Leo na mimi mzee nachambua kimoja, tofauti ni kwamba mimi nimo ndani, tena kwa picha. Kama nitaongeza chumvi, basi Koko wangu aamke huko aliko anikane.

Ilikuwa enzi za Mbelgiji. Kwetu ni Wamaza, Kabambare, ila nilikuwa nasoma shule ya misheni kule Kasongo. Aliyenilea ni Koko, mama yake mama yangu.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Kwetu koko ana utani na mjukuu wake wa kiume. Anamwita "bwana yangu", yaani mume. Ukichelewa kumletea kuni anatangaza mtaa mzima kwamba anataka talaka. Hakuna asiyejua kuwa ni utani, hata mbuzi wa pale wanajua.

Likizo moja, nikiwa nyumbani, akaja Mzungu wa kuandika desturi za watu. Tulimwita Bwana Kalamu. Haki yake nitampa: alikuwa mpole, alikula sombe, yaani kisamvu, kama sisi, na hakumfokea mtu.

Alimkuta Koko anapepeta mpunga, mimi niko kando na kapu. Akauliza, huyu kijana ni nani wako?

Koko hata hakuinua kichwa. "Huyu? Iko bwana yangu. Iko muvivu, lakini atanilimia shamba."

Watu wote wakacheka. Bwana Kalamu hakucheka. Aliandika. Kisha akatupiga picha, akaondoka, tukamsahau.

Miaka ikapita. Nikawa darasa la mwisho, na jina langu likawa kwenye orodha ya watakaoenda shule ya walimu. Wakuu, enzi hizo ualimu kwa mtoto wa mkulima haukuwa mchezo. Nje ya hapo nilikuwa narudi kulima pamba ya lazima ya serikali, na kapita, yaani mnyapara, wa kunisimamia.

Siku moja Padri mkuu wa shule akaleta kitabu kipya cha desturi za kwetu, kwa Kiswahili safi cha vitabuni, kinanukia wino. Akasema tukisome kwa zamu, kisha kila mmoja asimame atoe maoni yake. Yaani review, kama mnavyofanya humu.

Zamu yangu ikafika. Sura ya kilimo cha mpunga, safi kabisa. Sura ya kuwinda kwa nyavu, nikajisemea huyu mtu kweli alituangalia.

Nikafungua sura ya ndoa.

Picha ya Koko. Na mimi kando, na kapu. Chini yake: "Mjane mzee wa Wamaza pamoja na mume wake kijana." Na ukurasa uliofuata maelezo, kwamba katika nchi hii mjane huolewa na mjukuu wake ili asikose mtu wa kumlimia.

Nilipigwa na butwaa. Jirani yangu akachungulia, akapiga kelele, na darasa zima likaja juu ya dawati langu. Wenzangu walicheka hadi machozi, maana wao pia wana koko zao.

Padri naye akasogea akasoma. Yeye hakucheka hata kidogo.

Kesho yake jina langu lilikuwa limefutwa. Shule ya walimu haipokei mwenye mke, na mke wa namna ile ndiyo kabisa! Nikaenda ofisini kwake nikamwambia ni utani, Padri, naapa.

Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio uliniumiza zaidi. "Kitabu hiki wamekisoma watu wenye elimu kabla ya kuchapwa. Wewe una nini?"

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na mdomo tu.

Nikatembea siku mbili hadi Wamaza. Koko aliposikia yumo kitabuni alifurahi kwanza. Akauliza, "Nilivaa kitambaa gani?" Nikamweleza yaliyobaki. Akaketi chini palepale.

"Wamekufuta juu ya mudomo yangu?"

Alfajiri akafunga kitambaa chake cha kanisani, tukapanda lori la pamba hadi Kasongo.

Mbele ya Padri, picha ikawekwa mezani. Padri akauliza polepole, kama hakimu: "Mama, huyu kijana ni nani wako?"

Wakuu, naapa. Mazoea ni kitu kibaya. Koko akajibu hapohapo, "Huyu? Iko bwana yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Padri akafumba macho. Koko mwenyewe akashtuka, akaweka mkono mdomoni. Kisha akautoa, akamtazama usoni.

"Padri, watu wote wa Kasongo wanakuita Baba. Ni weye ulituzaa?"

Padri akafungua kinywa, Koko akamuwahi.

"Na wale masista, tunawaita Mama. Watoto wao wako wapi?"

Padri akawa mwekundu hadi masikioni. Akaivuta picha karibu. Akachukua kalamu, akakata maneno ya chini, akaandika kwa mkono wake: "Bibi na mjukuu wake." Akalirudisha jina langu.

Sasa wakuu, kwetu "bibi" maana yake ni mke. Nilikiona kile kioja kipya kabisa, nikanyamaza. Orodha nilikuwa naitaka.

Nilifundisha hadi nikazeeka. Bwana Kalamu nilimwandikia barua, sikujibiwa. Na alisahihisha nakala moja tu yule Padri, nyingine zote ziko huko duniani zinasema mimi ni mume wa mtu.

Nilichojifunza: kitabu kinaweza kuandika neno lilelile lililosemwa na bado kikawa cha uongo, kwa sababu hakikuandika kicheko. Kabla hujakipa nyota kitabu kinachosimulia watu fulani, waulize hao watu. Mimi hiki nakipa mbili. Moja ya mpunga.

Ya pili ni ya picha. Koko alishafariki zamani, na hakuwahi kupigwa nyingine. Juzi mjukuu wangu wa kike aliikuta mtandaoni, maneno ya chini yaleyale, akaja na simu yake kwa mshangao mkubwa (kwetu babu naye huitwa koko):

"Koko, eti huyu mwanamke alikuwa bibi yako?"

Nikaitazama ile picha, ungo, kapu na kile kitambaa.

Nikamwambia ndiyo, na talaka hakuwahi kunipa.

Nanyi mliowahi kujikuta kitabuni msivyo, wekeni hapa chini, nasoma yote.