Mume Wangu Anaitwa Mpigaji kwa Fundo Nililomfundisha Mimi

Asalaam alaykum wana ukurasa. Jina langu lifichwe, tena lifichwe sawasawa, maana Pemba mtu akipiga chafya Msuka, wa Madungu ameshamuombea rehema. Nina miaka thelathini na mbili, mkulima wa mwani upande wa Kiuyu, mwaka wa saba huu nimo ndoani, watoto wawili. Mume wangu ni fundi seremala, mpole mpaka watu humcheka. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Shikeni hilo, kwa sababu leo ukoo wangu mzima unamwita mpigaji.

Naona haya kuandika ila nitaandika. Mimi napenda kufungwa kamba. Naam, mmesoma vizuri. Chumbani, na mume wangu wa ndoa, kwa ridhaa yangu. Nikifungwa mikono kichwa kinatulia, shughuli zote zinaniondoka. Sijui yametoka wapi mapenzi haya. Nilikaa nayo miaka minne simwambii mtu. Siku niliyomwambia mume wangu aliniuliza tu, "Hutoumia?" Basi. Hakunicheka.

Wa kutufundisha ndiye tuliyemkosa. Nilijiunga na makundi ya mtandaoni nikitafuta watu wa mapenzi kama yetu, wake na waume zao, watueleze tu mtu anafungwaje asidhurike. Lo! Kila aliyenijibu ni dume linataka picha. "Tuma kwanza nione mwili." Mwengine akajiita mwalimu, akataka nimfuate Unguja peke yangu. Nikachoka, nikasema potelea mbali, kamba naijua mimi kuliko wao, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilichukua kamba ya mwani, ile ya nailoni, nikamfundisha mume wangu fundo tunalofungia kwenye vigingi baharini. Wakulima wenzangu mnalijua, fundo lile halikukusudiwa kufunguka, maji yakivuta ndiyo kwanza linakaza. Aliponifunga, nilijigeuza kidogo tu, likakaza. Vidole vikaingia ganzi. Mume wangu anahangaika kwa kucha, jasho linamtoka, mkasi chumbani hamna, akakimbilia kisu jikoni. Alipokwisha kuikata ile kamba, aliyelia ni yeye.

Alama zikabaki mikono yote miwili. Siku tatu baadaye ikawa harusi ya mdogo wangu, na shangazi yangu ndiye mpakaji hina wa ukoo. Nikasema hina sitaki. Dada wa bi harusi hataki hina, nani atakubali? Akanivuta mkono, akapandisha mikono ya nguo, akaziona alama.

"Hizi n'nini mwanangu?"

"Kamba ya mwani, shangazi." Wallahi sikusema uongo.

"Mikono yote miwili? Usin'fanye mie mtoto. Yuno mwanamme akufunga akupiga!"

Chumba kizima cha wanawake kikasikia. Hina haijakauka, baba ameshapata habari. Nikarejeshwa kwetu, hii wiki ya pili. Mume wangu alipokuja, baba alimuuliza pale barazani, "Weye ndiye uliyemfanya mwanangu vile?" Akajibu, "Ndiye mie, mzee. N'samehe." Basi, kwao amekiri. Nilimpigia simu nikamgombeza, kwa nini umejibu hivyo? Akaniambia, "Mie nkitwa mkatili yatapita. Weye ukijulikana hilo, kisiwani humu huna pa kuuweka uso. Usinene."

Hasira zinanipanda. Hasira na shangazi aliyetangaza kabla ya kuuliza, na yale madume ya mtandaoni, na mimi mwenyewe zaidi. Juzi, nikiwa hapa kwetu, ndipo nikampata mtandaoni dada mmoja wa bara, ameolewa, na mumewe wanafanya kama sisi. Hakuniomba picha hata moja. Akaniambia tumia kamba laini ya pamba, acha nafasi vidole viwili vipite, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Shingoni kamwe. Mkasi uwe karibu, na muwe na neno mlilokubaliana, mmoja akilitamka mwengine anaacha hapo hapo. Na ganzi ikianza, fungua, usingoje. Mazungumzo ya dakika kumi tu! Nililia kwa furaha ya kumpata mwenzangu, na kwa uchungu wa kumpata nimeshachelewa.

Jumapili wazee wa pande mbili wanakaa. Baba anataka talaka. Mume wangu amesema ataitoa akiambiwa, mradi siri yangu isitoke. Mama peke yake ndiye aliyeniita kando, "Mwanangu, kweli akupiga?" Nikainamisha kichwa kwa haya, naye akadhani nimesema ndiyo.

Wenye ndoa, wenye busara, na nyinyi mlio kama mimi mnaosoma kimya kimya bila kugusa chochote, niambieni. Nikisema hakunipiga, baba ataniuliza alama zile za nini, na wajomba zangu wamekaa wanasikiliza. Nikinyamaza, nitaachwa na mwanamme anayenipenda, na wanangu watakua wakiambiwa baba yao alikuwa akimpiga mama yao. Zimebaki siku tatu. Nikiulizwa, nijibu nini?