Maji Baridi, Injini Moto

Jana asubuhi, hapa Shirere, kijana wa bodaboda aliegesha pikipiki nje ya lango langu na kuinua ndoo aioshe, injini ingali moto. Nilitoka na leso kiunoni nikamshika mkono, nikamwambia angoje ipoe. Akacheka, akauliza mama kama mimi nilijulia wapi mambo ya injini. Nilijulia kule Ekero nilikokulia, tena kwa njia mbaya.

Enzi hizo miwa ndiyo iliyotulisha. Matrekta yalipita kutwa yakidondosha miwa, sisi watoto nyuma tukiokota, na harufu ya molasi ya kiwanda cha sukari ilitufuata hata kanisani. Baba alikuwa msimamizi wa wakataji miwa. Kuosha pikipiki yake ilikuwa kazi yangu, mimi kifungua mimba. Tope la shambani likichanganyika na masizi ya miwa iliyochomwa, likikauka hulibandui. Basi Baba akiingia tu ndani, kabla obusuma, ugali wetu, haujasongwa, nilikuwa nishamwaga maji ya chemchemi. Injini ililia chaaa, mvuke ukapanda, nami nilifurahi kweli.

Fundi wetu alikuwa jirani, mtu wa Mumias, wa salamu ndefu na maneno machache. Siku chache baada ya yeye kusaga valvu za injini ya Baba, pikipiki ikaanza kukosa nguvu. Kiki ilishuka laini, injini haikuisukuma mguu, kilima kidogo kikaishinda. Baba akatangaza sokoni kwamba fundi ameua injini yake. Hilo halikuwa neno dogo, maana wenye pikipiki walikuwa wasimamizi wenzake, na fundi hakuwa na wateja wengine.

Fundi akaja na spana zake, akaomba kuifungua hapo uani, Baba akiona. Alitia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapiga kiki. Bado laini. Akasema ingekuwa ringi za pistoni zimelika, oili ingeziba na kiki ingekuwa ngumu. Akafungua kichwa cha injini, akakipindua, akajaza mafuta taa juu ya valvu. Tukangoja mpaka chai ikaisha. Hayakupenya hata tone. Valvu alizosaga hazikuwa na neno.

Ndipo akamwomba Mama kioo cha ukutani. Akalaza kichwa cha injini juu yake, akasukuma karatasi ya sigara kati yavyo. Ikapita bila kugusa. Kichwa kilikuwa kimepinda. Akamweleza Baba kwamba kikimwagiwa maji baridi kikiwa moto, hupinda. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, unaoshanga ikiwa moto ama imepoa?"

Baba alikuwa ananitazama, na mkono wake niliujua. Niliogopa. Nikasema, "Imepoa."

"Huyu hadanganyangi," Baba akasema.

Fundi alinitazama kidogo tu. Hakubisha. Alitandika msasa juu ya kioo, akasugua kile kichwa mpaka karatasi ikakataa kupita, akakirudisha. Pikipiki ikapanda kilima. Lakini Baba hakurudisha maneno yake, na wenzake walishapeleka zao kwingine. Msimu ule wa miwa haukuisha kabla fundi hajafunga kibanda akahama.

Nyanya alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka arobaini. Baba alikufa akiniamini, na fundi nilisikia alishazikwa kwao. Ukipita Ekero siku hizi, molasi huinusi, na pale palipokuwa kibanda pana duka la simu. Mashamba mengi ni mahindi.

Niliketi na yule kijana kwenye ngazi tukingoja. Akauliza tena ni nani alinifunza.

"Fundi mmoja wa Ekero," nikamwambia. "Alisaga valvu vizuri. Mimi ndiye niliyeharibu."

Kijana akagusa injini kwa kiganja, akasema sasa imepoa.