Tumbo lilivyotaka kuniharibia posa, Makambako ya soko huria

Kamwene wakuu!

Jana nimesoma kijana mmoja humu akilalamika gesi, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Nikacheka, maana nilikuwa yeye. Hii si chai, na chumvi sitaongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limekolea. Nilitoka kijijini kwetu, karibu na misheni moja ya Njombe, nikaja Makambako kuuza mablanketi dukani kwa Mzee Shabani, mtu wa Kondoa.

Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari, kuona maduka yamejaa vile ilikuwa kama Krismasi ya kila siku.

Basi nikala mjini! Asubuhi mkate mweupe na chai, sukari vijiko vinne. Mchana chipsi na soda. Jioni chipsi tena. Mboga za maboga niliona ni ushamba, nimemwachia mama.

Na dawa zilikuwa zinauzwa kama pipi. Tumbo likisokota, nameza rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki. Kikohozi, rangi mbili. Hata uchovu, rangi mbili.

Mwaka haukuisha tumbo likagoma. Wiki hii choo hakuna kabisa, wiki ijayo nashinda nakimbilia. (Mnaokula sasa hivi mnisamehe.)

Mood ikafa. Usiku silali, mchana nagombana na wateja. Nikakonda mpaka suruali nafunga kwa kamba.

Makambako ni mji wa barabarani, na miaka ile mtu akikonda watu hawakuuliza, walinong'ona tu. Nikaanza kujihofia mwenyewe.

Katikati ya hayo nikaenda kuposa. Binti anaitwa Fausta, kwao ni wakulima wa viazi Njombe. Mzee Shabani alikuwa mshenga wangu, kapiga na kanzu.

Baba yake Fausta akaanza na sala. Kimya kimetulia, tumbo langu likanguruma. Nikakohoa kulifunika. Likanguruma tena, refu, kama lori linapanda mlima.

Baba mtu akafumbua jicho moja. "Kijana, huyo anayeongea humo ndani naye kaja na posa yake?"

Watu walicheka mpaka sala ikaishia njiani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini baadaye akaniita uani, hacheki tena.

"Odilo, sikukatai. Ila mwanangu simtoi kwa mtu nisiyejua anaumwa nini. Nenda ukapime. Kila kitu."

Nilijua "kila kitu" ni nini. Ni UKIMWI.

Fausta alikuwa amesikia. Akasema, "Baba, nitaenda naye. Na mimi nipimwe."

Wakuu, siku ile ndiyo nilijua ninaoa mtu.

Tukaenda hospitali ya misheni. Kusubiri yale majibu, acheni tu. Yalipotoka, sote tulikuwa salama. Kwangu walikuta minyoo tu.

Mganga alikuwa mama mmoja mnene, mpole. Akaniuliza nilikula nini jana. Chipsi. Juzi? Chipsi. Na dawa? Nikamtajia rangi mbili zangu, hesabu hata siikumbuki.

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, tumboni kuna vijidudu vyema vinavyokusaidia kazi. Wewe unaviua kila wiki, na vinavyobaki unavinyima chakula. Unategemea uwe na raha?"

Akanipa dawa ya minyoo, akanikataza vidonge vya kujinunulia. Akaagiza ugali wa dona, maharage, mboga za majani, matunda, maziwa mgando, na maji mengi.

Mzee Shabani aliposikia, akamwambia mkewe anipikie mchana nile palepale dukani. "Soda nikiiona humu, naimwaga," alisema.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Maharage yalinijaza gesi mpaka wateja wakasogea mlangoni. Nikapunguza, nikaongeza kidogo kidogo.

Halafu asubuhi moja mambo yakaenda sawa. Sawasawa kabisa! Nilitoka chooni naimba wimbo wa Pasaka, na wala haikuwa Pasaka.

Mzee Shabani akanitazama. "Imekuwa?"

"Imekuwa, Mzee."

"Alhamdulillah!" Akanipa mkono kama nimepata mtoto.

Baada ya hapo usingizi ukarudi. Hasira zikaondoka zenyewe, nikaanza kutaniana na wateja. Sikuwahi kujua tumbo na furaha vinakaa nyumba moja.

Miezi michache baadaye tukarudi kwa kina Fausta na karatasi ya majibu. Baba yake aliisoma pole pole, akaikunja, akasema mahari tutaongea na tarehe tutapanga. Wakina mama wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Shangwe ikiendelea, akanivuta pembeni tena. Nikajua kuna jingine. Akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mwanangu, yule mama mganga anapatikana siku gani? Mimi hili tumbo nina miaka sita nalo."

Nilimpeleka mwenyewe, Jumatatu.

Wakuu, mimi si daktari. Nilichojifunza ni kwamba tumbo likilalamika mfululizo, kapime, usilizibe mdomo kwa vidonge vya kubahatisha. Na aibu ya kusema "tumbo linanisumbua" imewakalisha wengi na mateso, wakiwemo wakwe zetu.

Haya, semeni na nyie. Nani humu tumbo limewahi kumwaibisha mbele za watu?