Kikapu cha Mama Mkwe

Mifuko ya nailoni ilipoletwa katika supamaketi nilikokuwa karani, kule Westlands, niliipenda kupita kiasi. Kabla ya hapo tulifunga bidhaa kwa karatasi za kaki na magazeti makuukuu. Kila jioni nilirudi nyumbani Kilimani na mifuko miwili mitatu, na mke wangu akaiosha na kuianika kambani pamoja na nguo za watoto. Nilimcheka. Nilimwambia ni ya kutumia mara moja.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, mama yake alikuja kututembelea kutoka magharibi mwa nchi na kikapu kilichojaa unga wa wimbi na njugu. Mke wangu alikuwa mjamzito, na alichotaka ni kimoja tu: mama arudi kumtunza atakapojifungua.

Kwetu, kikapu cha mama mkwe hakirudi kitupu, na anayekijaza ni mume wa binti yake, kwa mikono yake mwenyewe. Nilijua hayo vizuri. Lakini asubuhi ya safari yake ya kurudi nilitia sukari, majani ya chai na sabuni katika mifuko ya nailoni, kikapu nikakiweka kando.

Kwa heshima, mama mkwe hasemi na mkwewe moja kwa moja. Akamwambia binti yake, nami nikisikia, "Muulize baba watoto, kikapu changu kinanuka?"

"Mwambie mama hii ndiyo safi," nikasema. "Akifika anatupa tu."

"Anatupa wapi?"

Nikaichukua mifuko, nikatangulia mlangoni.

Kwenye kituo cha mabasi, mjini, mfuko wa sukari ulikatika kishikio. Sukari ikamwagika kando ya gurudumu.

"Mama, basi hili halinywi chai," makanga wa basi akasema, watu wakacheka.

Mama mkwe akainama, akaanza kutia sabuni na majani ya chai peke yake katika kikapu alichokibeba kitupu, kama mtu asiye na mkwe.

"Mjazie," mke wangu akaninong'oneza.

Nilikuwa nimevaa tai ya kazini, na watu walikuwa wakitazama. Nikajifanya natafuta tiketi mfukoni.

Mtoto alizaliwa, mama hakuja. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Alianza tu kwenda dukani na kikapu chake, akapanga foleni kwenye kaunta yangu, nami nikamtilia vitu humo bila kutoa mfuko.

Nilifunga safari na mke wangu kwenda kwa mama yake kuomba radhi wakati mtoto ameshaanza kutambaa. Miezi ile siwezi kumrudishia mke wangu. Nilipiga magoti uani nikakijaza kikapu, kitu kimoja kimoja, huku mama mkwe akinitazama kutoka mlangoni.

"Mwambie mume wako aweke sabuni mbali na sukari," akamwambia binti yake. "Kisha akae ale. Kesho tutaondoka wote."