Paa la Fundi wa Mabati

Kila Jumamosi fundi wa mabati huketi kando yangu katika ukumbi wa parokia, hapa Kamenge, ambako Carmen anatufundisha kuchora mji kwa maumbo tu: mstatili ni ukuta, pembetatu ni paa. Viganja vyake vimejaa makovu ya kukatwa na mabati. Kuta zake hunyooka bila rula, za manjano, za bluu. Lakini tangu aanguke kutoka juu ya paa mwaka jana hajapanda ngazi tena, na hata kwenye karatasi brashi yake hukomea juu ya ukuta; paa hachori.

“Muzee, nyumba zako zitanyeshewa,” Carmen alimtania leo.

“Apana, mwalimu. Kwangu ni kiangazi.”

Tulicheka, yeye hakucheka. Alivua viatu, akavipanga chini ya meza kama alivyokuwa akiviacha chini ya ngazi kabla ya kupanda, akachovya brashi katika rangi nyekundu. Mstari ulipanda polepole, ukafika kileleni, ukasimama. Jasho lilimtiririka shingoni.

“Usiangalie chini, papa,” nilimnong’oneza.

Mstari ukashuka upande wa pili, hadi ukutani. Nikamsogezea viatu kwa mguu.

“Viache kwanza, mama,” alisema. “Hii nyumba ingine nayo haina paa.”